Mtaro Una Jina

Miaka kumi na tisa nyuma ya nyumba yetu, Mikindani,
niliuita mtaro.
Niliuruka ndara mkononi, pua nimeibana,
nikamwaga humo maji ya dagaa
bila kuuliza yaendako.

Kisha nikarithi simu ya marehemu Mwanasiti,
kioo kina ufa, kamera nzima,
nikawa kila Jumamosi, nikimaliza kufua,
nasimama juu ya jiwe lile lile, napiga.
Picha ya kwanza: chupa, nepi, ndara ya mguu wa kushoto.
Ya pili: chupa, nepi.
Ndara haipo.
Kumbe yanakwenda.

Nikayafuata kwanza yanakotoka.
Nyuma ya karakana Mwachiro muosha magari akaficha pampu.
"Wewe wa kanjo?"
Nikampa simu. Akaivuta picha kwa vidole viwili
hata povu lake mwenyewe likajaa kioo.
Akanyamaza kidogo.
"Haka kaitwa Kadzuho," akasema.
"Hawe alikuwa akichota hapa."

Kadzuho.
Nikalimumunya njia nzima kama kokwa ya ukwaju.

Juu, miinuko ya kwendea Rabai,
maji ni upana wa viganja viwili,
yanatoka chini ya matete bila kelele, bila harufu.
Nilipiga mara tisa.
Zote zimetoka kivuli changu.

Na chini, siku nyingine, bahari ikipwa,
nilizama matope hadi magotini kwenye mikoko ya Tudor
nikitafuta mstari: hapa tamu, hapa chumvi.
Hakuna mstari.
Kuna kaa mwekundu amenyanyua gando moja,
na juu ya mzizi, imekauka, imepauka,
ndara ya kushoto.
Sikuiokota. Niliipiga picha, nikaisalimu.

Usiku nazikagua, Bwanaheri amelala.
Ya kumi na saba naivuta kwa vidole, kama alivyofanya Mwachiro:
ukuta, mpapai, bomba la buluu
linatapika weupe ndani ya Kadzuho.
Navuta tena.
Ule mpapai naujua. Niliupanda mimi.

Nimemwamsha. Ametazama, jicho moja.
"Bomba la nani hilo?"
Sikumjibu, akalala tena.

Kumekucha Jumamosi.
Dagaa nimeshawaosha.
Ndoo iko mlangoni, imejaa,
nami nimesimama nayo,
sijui niimwage wapi.