Chupa ya Pili Ilikuwa Nyepesi

Tulizikuta Ndanda, chini ya kitanda chake cha chuma,
zimelala ubavu kwenye mchanga wa mtoni,
zimefunikwa gunia la korosho la chama cha msingi
ambacho sasa hakipo.
Chupa tatu. Mama alizitaja mara moja tu maishani,
tena akiongea na sufuria, si na sisi:
"Bruda Wendelini aliniachia. Alisema zilazwe.
Chupa ikisimama sana, kizibo hufa."

Karatasi zimeliwa na mchwa.
Imebaki KABER, na namba: moja, tisa, sita,
halafu tobo.
Mchwa wa Ndanda hawana adabu, wamekula mwaka wenyewe.
Kaka Herimundi akasema sitini na moja, maana anapenda sherehe.
Dada Apolonia akasema sitini na nane,
mwaka Mama alipoanza kufua kanzu za mapadre.
Mimi sikusema. Mimi nilizaliwa ndani ya tobo hilo,
cheti changu chenyewe kinasema "yapata 1966".

Tulikuwa tumetoka kuweka msalaba wa saruji.
Wageni wameondoka, masufuria yameoshwa.
Kizibuo hatuna; Herimundi akatumia skrubu ya bawaba
na koleo la kutengenezea baiskeli.

Ya kwanza: siki.
Apolonia hakuhuzunika, akaimimina kwenye vitunguu.

Ya pili ilikuwa nyepesi.
Tukaigeuza mbele ya taa. Tupu.
Kizibo kimerudishwa, kikazungushiwa nta,
nta nyeupe ya mishumaa ya altare,
imekandamizwa kwa kidole gumba, mistari ya kidole ipo bado.

Mama!
Aliyeapa mbele ya parokia nzima
kwamba kilevi hakitapita kooni mwake,
aliyemwaga uraka wa Baba kwenye migomba
hadi tukasema migomba inayumba!
Lini? Usiku gani? Mwaka wa foleni za sukari?
Mwaka ule Baba alipokwenda Nachingwea asirudi?
Au kidogo kidogo, kijiko kimoja kama dawa,
mlango umefungwa, miaka ishirini?
Apolonia alicheka mpaka akakaa sakafuni,
na kicheko kikageuka kile kilio
tulichokitafuta makaburini tukakikosa.

Ya tatu tukainywa.

Sisi ni watu wa uraka, na uraka haumngoji mtu.
Unakamua mabibo asubuhi, unakunywa jioni,
ukilaza hadi kesho umelaza ugomvi.
Hatukulelewa na kinywaji chenye subira.

Nikamimina kwenye vikombe vya bati vilivyobanduka.
Haukuwa mwekundu kama tulivyotegemea.
Ulikuwa matofali ya kanisa baada ya mvua,
na kingoni kahawia, chai iliyosahauliwa.
Mwanzo haukusema kitu. Ulinuka kabati.
Tukangoja, Herimundi akitafuna korosho,
ndipo ukafunguka:
mninga uliopigwa randa jana,
tumbaku kwenye mfuko wa koti,
zambarau kavu, ngozi ya viatu vya Jumapili.
Ukali umekwisha. Umebaki uchungu mdogo
pembezoni mwa ulimi,
kama neno ambalo mtu ameamua kutolisema.

"Umelegea," akasema Herimundi, mtu wa bia.
"Haujalegea. Umeacha kugombana."

Mjukuu wetu Tekla, miaka tisa, akaomba kunusa tu.
Akazamisha pua nzima kikombeni.
"Unanuka Bibi," akasema, "akifungua sanduku."
Hakuna aliyemjibu.

Saa nne umeme ukakatika. Tukaendelea gizani,
giza ambalo mvinyo ule ulilijua kuliko sisi,
tukapokezana kikombe cha mwisho
hadi mashapo yakakwaruza meno.

Chupa ya pili sikukubali itupwe.
Nimepanda nayo basi la Masasi, nimeiviringisha kwenye khanga,
ile nta nimeielekeza dirishani isiguswe.
Haina kitu.
Hata hivyo nimeilaza,
kizibo kisije kikafa.