Vizibo vya Soda

Barazani kwa Oyat, mjini Kitgum,
umeme umekatika tangu saa kumi.
Lakaraber anamulika kwa simu
vizibo vya soda vyenye herufi
zilizochorwa kwa rangi ya kucha.

"Herufi tano, T na H zisikosekane."

Mimi mgeni, mtu wa Masaka,
sina hata haja ya kufikiri:
*north*. Kaskazini.
Napanga, nadai alama zangu,
nanyoosha mkono nichukue karanga.

Yeye kimya.
T na H za mkiani anazileta kichwani,
N anaisukuma mwisho kabisa.
O na R hazikutikisika.
*Thorn*. Mwiba.

Nahesabu, nahesabu tena:
hakuongeza kizibo, hakupunguza.

Kwetu, redio ikitaja kaskazini,
baba aliongeza sukari kwenye chai
akauliza bei ya kahawa.
Lakaraber, mwaka huohuo, umri wa miaka saba,
alikuwa akitembea kila jioni kwenda kulala mjini,
peku.

"Alama zetu sawa," anasema,
anavifagilia vizibo ndani ya kopo la siagi,
analitikisa kwa nguvu.
"Chota. Zamu yako."