Rangi ya Fedha

Nililipwa kyat mia kwa siku
kuua mistari minane.
Sina hesabu nyingine ya kujitetea.

Wino ulikuwa umekwisha kukauka, nakala elfu tatu
zimerundikwa hadi dirishani, Mtaa wa Thelathini na Tatu, Yangon,
mvua ya Juni ikigonga bati kama karani mwenye haraka,
ndipo ofisi ya ukaguzi ikaturudishia jarida
na duara jekundu, ukurasa wa arobaini na moja.

Kuchapa upya, karatasi hatuna.
Kuchana ukurasa, mgongoni mwake pana tangazo la sabuni
na mwenye sabuni ameshalipa.
Basi U Ba Khet akanunua makopo matano ya rangi ya fedha,
ile ile wanayopaka mageti,
akatuita wanawake wanne, akatugawia burashi:
"Msisome. Pakeni."

Sasa niambie, utapakaje usichokiona?
Mstari haufunikwi sawasawa
mpaka jicho litangulie burashi.
Nikasoma.

*Mtungi wa barazani,
maji yake ni ya nani?
Mpita njia jotoni
anywe bila kuuliza.*

*Na aliyevaa buti,
kiu haijui cheti
wala cheo wala kiti:
koo kavu humliza.*

Basi. Mtungi wa maji, kama ile tunayowawekea wapita njia
mbele ya kila nyumba, na kikombe juu ya kifuniko.
Nikamuuliza kijana aliyeleta jarida: kosa liko wapi?
"Buti," alisema. "Wamehesabu. Limo moja."
Akatazama mlangoni. "Moja latosha."

Nakala ya kwanza niliisoma kama mwizi.
Ya kumi, kama barua niliyoandikiwa mimi.
Kufikia ya mia nne midomo ilikuwa ikijiendea,
na Ma Ohn Kyaing aliyenikabili, thanaka imemkauka mashavuni,
alikuwa akivuta burashi kwa mizani,
nane, akachovya, nane, akachovya.
Hatukutazamana.

Siku ya tatu akaja mwenyewe, Ko Nyan Htut,
mwalimu wa hesabu, viatu vimelowa,
kuchukua nakala yake ya mtunzi.
Hakuna aliyemwonya. Akafungua arobaini na moja,
akaigeuza kuelekea dirishani, akajiona humo,
uso usio na macho, wa kung'aa.
"Limependeza," alisema. Akatushukuru kwa kazi.
Alitushukuru, sikia.

Alhamisi walimchukua na saruni ya kulalia.
Aliomba miwani. Wakamwambia
aendako hakuna cha kusoma.

Katika vibanda vya chai watu walijaribu:
wembe, mafuta ya taa, ukurasa mbele ya balbu
usiku umeme ulipokuwapo.
Lakini rangi ya mageti haibanduki peke yake,
hutoka na ngozi. Walibaki na tundu,
na kupitia tundu, sabuni.

Mama yake alikuja kiwandani mwezi wa Agosti,
mwavuli umevunjika ubavu mmoja.
Hakuja kulia. Alitaka nakala moja isiyopakwa.
Haikuwapo. Hata daftari lake walibeba,
na droo lilimokaa.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Nikamshusha hadi chini ya ngazi, penye giza,
nikamzolea.

Saba zilitoka bila kukwama.
Ya nane nikasita: *humliza* au *humlaza*?
Mara mia saba na hamsini niliusoma mstari ule,
lakini ndio wa mwisho, mkono umechoka,
jicho limeshakimbilia ukurasa unaofuata.
Mama akasema, "Sema yote mawili."
Nikasema yote mawili.

Hadi leo nasema yote mawili.
Kama uko aliko, au ulitoka aliko,
mwalimu mrefu, huandika hewani kwa kidole,
niulizie.
Ni neno moja tu.
Moja latosha.