Mgeni wa Shule Namba Nne

Theluji ilizolewa usiku, njia yako tu.
Sisi wengine tulipita topeni.

Bwana Zwettler, ulivua glavu moja,
ukapiga picha na sanduku,
ukasifu chapati za maji za Bi Halina.
Ukauliza choo kiko wapi.
Daftari hukuliuliza.

Mimi ndiye wa meza ya K hadi P,
mwalimu wa hesabu, mwaka wa ishirini na sita.
Uliniinamia, mkalimani akatafsiri:
"Utulivu ulioje!"
Utulivu, naam. Yanka wa meza ya pili
yuko mahabusu tangu Alhamisi.
Kitini pake tuliweka maua
na wewe ukayanusa.

Saa sita mchana ulikwisha fika kwenye runinga:
huru, wa haki, mfano kwa Ulaya nzima.
Masanduku yalikuwa bado yana lakiri.

Nilikuwa nachora kijiti kwa kila aliyevuka kizingiti,
kwa kalamu, ndani ya mkono wa shati.
Vijiti mia nne na vitatu.
Fomu ililetwa imeshajazwa: kura mia tisa na kumi na moja.
Nikatia sahihi. Nina binti chuoni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Ulikuja, ukala, ukabeba kopo la asali.
Mwenyeji gani aliyepona?

Jumatatu, bila kufikiri, niliandika ubaoni:
mia nne na tatu, toa mia tisa na kumi na moja.
Uladzik wa dawati la mbele akanyoosha kidole.
"Mwalimu, hii haitoki."

Kaa chini, nikamwambia.