Kubisha

Tulipohamia Cradley Heath wakala alisema: mtaa mtulivu.
Hakusema kwamba ukuta ni mmoja,
tofali moja kwa nyumba mbili,
na kwamba upande wa pili anaishi Glyn Pargeter,
miaka sitini na mitatu, nywele bado mabegani,
aliyewahi kupasua spika za kumbi kutoka Dudley hadi Hull.

Mimi hulala mchana. Usiku nachambua barua
kwenye ghala la posta, natia kila mtaa kijisanduku chake.
Saa nne asubuhi, nikijifunika shuka tu,
gitaa linaanza. Si wimbo, ni kipande,
kipande kilekile, mara thelathini,
kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko uleule.
Glasi kabatini zinaitikia. Meno yangu yanaitikia.

Bendi ilishakwisha. Alinieleza siku ya kutoa taka,
sote wawili tukiwa na ndara mvuani.
Mwimbaji kafungua baa Uhispania, hapokei simu.
Mpiga ngoma, Nev, walimzika Februari
bila muziki, kwa ombi la mkewe,
aliyesema kelele alizokwisha kuzisikia zinamtosha.
"Basi natoa yangu," akasema. "Peke yangu. Kila kitu."
Akanionyesha kidole cha pete,
kifundo kimevimba kama pingili ya muwa.

Kila kitu, kweli.
Nilisikia besi ikijifunza kutembea.
Nilisikia ngoma zikipigwa na mtu anayeziomba radhi.
Kuimba hakuimba. Pale sauti ingeingia
aliacha nafasi, gitaa likipita pembeni
kama watu wanavyokizunguka kiti cha marehemu.

Alhamisi moja uvumilivu uliniishia.
Nilikuwa nimeunga zamu mbili, macho yamejaa mchanga,
na kipande kilikuwa kinapanda, kinapanda, hakifiki.
Nikaokota kiatu, nikabisha ukutani:
ko, ko.
Ko-ko.
Kimya.
Nilikitaka kimya, na kilipokuja sikulala.

Novemba, kifurushi mlangoni. Santuri nyeusi, nzito,
jaladani picha ya mlango wake, rangi imebanduka,
na jina la albamu ni namba ya nyumba: Kumi na Saba.
Nyuma, kwa herufi ndogo: ala zote, Glyn Pargeter.
Mimi sina mashine ya kuichezea.
Nikaenda kubisha, safari hii mlangoni.

Sofa yake ina manyoya ya mbwa aliyekufa zamani.
Chai ilikuwa rangi ya maji ya mto.
Aliishusha sindano kwa kidole kile kibovu, polepole,
kama anayemlaza mtoto.
Wimbo wa kwanza, wa pili; vyote nilivijua,
nilivichukia vyote kwa mpangilio huohuo.
Kisha wa nne: gitaa likapanda, likapanda,
likakaba pumzi ya chumba, likakatika.
Na ndani ya shimo lile,
mbali, nyuma ya tofali:
ko, ko.
Ko-ko.
Ngoma zikaingia
kwa mwendo wa kiatu changu.

Nikamtazama. Yeye akatazama kikombe.
"Nev angeingia hapohapo," akasema.

Jalada linasema ala zote ni zake.
Sikubisha.