Jaribio la Tatu

Ufito umeanguka mara mbili.
Mara ya kwanza kisigino, mara ya pili sijui nini,
labda pumzi.
Bi Maureen wa meza ya waamuzi anaurudisha kwenye vishikizo,
anapima kwa fimbo yake, anaandika,
anapangusa mvua kwenye miwani kwa ncha ya skafu.
Mita moja na sentimita hamsini na nane.
Jumanne mazoezini, Nzigire, uliuvuka huo huo
ukitafuna bigijii.

Leo Jumamosi, Hull, mwezi wa tano unaojifanya wa pili,
upepo unapanda kutoka mto Humber ukinuka tope na dizeli,
na baba yako yuko kwenye uzio,
simu juu, sauti juu zaidi:
"Usituaibishe, mwanangu! Bukavu yote inatazama!"
Bukavu haitazami. Bukavu iko sokoni.
Anayetazama ni yeye,
na shangazi wawili kwenye kioo kilichopasuka,
wanaoganda midomo wazi kila mtandao ukikohoa.

Namwendea yeye kwanza, si wewe.
Hili halikuwamo kwenye kozi ya ukocha.
Mzee Bahizire, namwambia, vidole vya binti vimekufa ganzi,
mtafutie chai, ile ya kibanda cha mbali,
hiki cha karibu kinauza maji ya kuoshea vyombo.
Anaondoka mbio kama aliyetumwa na serikali.

Sasa wewe.
Umekalia begi, taulo kichwani
kama mwali aliyekataa kutolewa,
mguu wa kushoto unacheza peke yake.
"Kocha, kichwa kimejaa watu."

Nakwambia sitawafukuza.
Nikiwa na miaka kumi na sita mwalimu wangu alijaribu,
akipiga makofi kando ya sikio: Tulia! Tulia!
Nikatulia kama sufuria inayochemka ikiwa na kifuniko.
Nikaupita ufito kwa chini.
Kweli. Kwa chini.
Kicheko cha siku ile nimekivusha
viwanja vitatu vya ndege, hakuna aliyekikagua.

Taulo linatikisika. Unacheka.

Basi niambie, chaki yako iko wapi?
Alama mbili nyeupe juu ya raba nyekundu,
mvua imeshakula nusu ya moja.
Nenda kaichore upya. Polepole.
Mstari wa urefu wa kiganja, basi.
Hatua ni tisa: nne zimenyooka, tano zinakunja kona.
Sentimita mwachie Bi Maureen, anazipenda.
Wewe sikiliza ya saba tu.
Ya saba ikilia vizuri chini ya wayo,
zilizobaki zinajua njia.

Kipaza sauti kinaliita jina lako,
kimelivunja vipande vitatu na kupoteza kimoja,
na saa ya dakika moja inaanza.

Hamsini na tano. Unapuliza vidole.
Arobaini. Njiwa katua kwenye godoro,
unamsubiri aondoke.
Sijawahi kukuona ukimsubiri yeyote.
Thelathini na moja.
Midomo yako: moja, mbili,

na mimi hapa ni mtu tu
aliyesimama mvuani na daftari lililolowa.

Saba.

Halafu ufito unaanguka.
Nyonga, safari hii, kwa unene wa karatasi.
Bendera nyekundu. Bi Maureen anasema pole kwa lugha yake,
mara mbili, ya pili haimo kwenye kanuni.

Umelala chali juu ya godoro, mvua machoni,
huinuki.
"Kocha. Umeisikia?"
"Nimeisikia."

Baba yako anarudi, vikombe viwili vya karatasi,
nusu ya chai iko kwenye mikono ya koti.
"Tayari? Karuka?"
Karuka, namwambia.
Anatazama meza ya waamuzi, anatazama bendera,
simu inaita mfukoni, haichukui.
Anafungua kinywa, naona shavu likitafuta neno,
kisha anainama
anaipuliza chai yako, ipoe.