Sentimita Mia Moja na Kumi na Tano

Nimepima stoo mara tatu kwa futikamba:
mia moja na kumi na tano, kwa mia moja na kumi.
Mara ya tatu nilifumba jicho moja,
labda ukuta ungeona haya ukasogea.

Karatasi ya bei iko mezani, ina duara la kahawa.
Yuro elfu tatu mia nne na themanini,
fundi umeme mbali,
mlango wa kioo, taa za kubadilika rangi,
redio ndani (redio!)
na benchi, imeandikwa, la mtu mmoja.

Chanzo ni kura ya Novemba.
Wenye jengo walikaa, wakahesabu mikono:
sauna ya chini ifungwe baada ya Krismasi,
iwe stoo ya baiskeli.
Kumi na tisa kwa saba.
Mkono wangu niliuacha juu
hata walipokwisha kuhesabu.

Mimi, Lempi, nilizaliwa saunani.
Si fumbo. Mwaka wa arobaini na sita, nje ya Kajaani,
theluji imefika madirishani,
mama alitembea hatua thelathini kutoka nyumbani,
mkono mmoja kiunoni, mmoja na taa,
kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na joto na maji.
Humo humo, miaka tisa baadaye,
tulimwosha bibi kabla ya jeneza.
Mama akamwaga kata moja juu ya mawe yaliyopoa.
Hayakutoa sauti.
Kwetu mvuke ule una jina lake,
na jina hilo, wazee walisema, zamani lilikuwa la roho.

Jere, kijana wa dukani, ananiambia kwenye simu:
"Hii nyingine, mama, haihitaji maji kabisa.
Inapasha mwili kwa miale."
Nikamjibu: hata mkate wa jana hupashwa hivyo.

Lakini magoti. Tuseme kweli.
Lifti huishia ghorofa ya kwanza,
na ngazi zilizobaki nazishuka ubavu ubavu, kama kaa,
ndoo ikinitangulia kwa kelele.

Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa moja jioni,
ndiyo zamu yetu: mimi, Irja wa ghorofa ya nne,
na Raili, ambaye tangu Machi yuko nyumba ya wazee
na ndoo yake ingali pale msumarini.
Irja hutaka mlango uachwe wazi kidogo.
Mimi hutaka ufungwe.
Miaka ishirini na miwili tunagombana.
Halafu, bila kuambiana, namgeuzia mgongo
naye ananisugua pale katikati,
pale ambapo tangu Oiva afariki
hapajafika mkono mwingine.
Wangu nimeujaribu: unaishia begani.
Ndani ya kisanduku cha kioo nitatakata mwili mzima
isipokuwa hapo, pa upana wa kiganja.

Jana Irja kasema ameshaagiza ya kwake.
Kasema huku akitazama mawe.
Nikamwaga kata tatu mfululizo
hadi sote wawili tukashuka benchi la chini,
tumeinama, hatuwezi kusema neno,
na ndilo nililotaka.

Leo nimempigia Jere tena.
Benchi lile, nikauliza, linabeba wawili?
Nikasikia akipekua makaratasi.
"Limepimwa kwa mmoja, mama.
Wawili wanakaa, wakipendana."
Na wanaogombania mlango?
Akacheka, akidhani mzaha.

Stoo iko tupu. Nimetoa mitungi ya jamu,
nimetoa skii za Oiva,
nimebaki na fimbo yake moja mkononi, sijui pa kuiweka.
Juu yangu dari inanguruma:
fundi wa Irja anatoboa ukuta.
Naipandisha fimbo, nagonga dari mara tatu.

Kekee inanyamaza.